Hamu ya sigara ikibana, mpigie aliyekwisha kuacha

Kwa mnaoacha sigara hapa Arusha: siku 3 za mwanzo ndizo zinazosumbua zaidi. Tafuta mtu aliyekwisha kuacha, kazini au kijiweni hawakosekani, mkubaliane kwamba hamu ikikubana unampigia palepale, hata kama ni kusema tu "kaka, imekuja". Kwa kawaida hamu hupoa ndani ya dakika chache, hivyo ubishi wa Simba na Yanga unatosha kuivusha. Piga, usitume meseji; meseji inaweza kuchelewa kujibiwa, na genge linalouza sigara mojamoja liko hapo jirani. Anayeanza kuacha leo pamoja nawe hafai sana, akiteleza anakuja na pakiti. Na ukiwa umeshakaa baa, bia mkononi, simu haisaidii: ondoka kwanza.