Kabla hujanunua besi: ya kuweka sawa kwa anayeanza Mombasa

Mtu akiniambia anataka kujifunza gitaa la besi, simuulizi kama ana pesa. Namuuliza kama ashawahi kuisikia. Wengi hujibu ndiyo, nami nikiwawekea wimbo kwenye simu wananionyesha gitaa la rithimu. Si kosa lao. Uzi mnene wa besi, ule wa E (kila uzi huitwa kwa jina la noti yake), hutetema mara 41 hivi kwa sekunde, na spika ya simu haina kifua cha kutoa sauti hiyo. Kwa hivyo cha kwanza kutafuta ni hedifoni nzuri. Ukikosa, panda matatu ya Kisauni yenye muziki mkubwa ukae siti ya nyuma, utaisikia hadi mgongoni.

Chagua nyimbo tatu unazozipenda, uifuate besi peke yake na uiimbe kwa mdomo toka mwanzo hadi mwisho. Kwetu huna haja ya kwenda mbali: kuna muziki wa bango wa Mzee Ngala, kuna Them Mushrooms walioanzia papa hapa Mombasa mwaka 1972. Chakacha iache kwanza. Inahesabika kwa sita, na anayeanza huishia kupiga mguu wakati mmoja na kidole wakati mwingine.

Ukishaizoea kwa sikio, ndipo utafute chombo. Kilichotumika kinafaa kabisa, mradi kiwe cha nyuzi nne: E, A, D, G. Hizo ni zilezile nne nene za gitaa la kawaida, ila zimeshuka oktavu moja, yaani noti zilezile kwa sauti nzito zaidi. Wa nyuzi tano watakushawishi; waambie bado. Urefu wa kawaida wa uzi, kutoka shingo inapokutana na kichwa hadi uzi unapoegemea chini, ni inchi 34, kama sentimita 86. Mtoto, au mtu wa mikono mifupi, atafute ya inchi 30.

Usiilipie kabla ya kuikagua shingo. Funga jicho moja uitazame kwa urefu wake, kama seremala anavyotazama ubao. Kubonyea kidogo sana katikati hakuna neno. Ikiwa imejisokota, mrudishie mwenyewe hata akikupunguzia nusu ya bei. Kisha bonyeza freti moja moja, vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo, kwenye kila uzi, usikilize panapolia kama nyuki. Nyuzi zikiwa juu mno, fundi anaweza kuzishusha. Ile skrubu ya ndani ya shingo usiiguse wewe. Vifundo vya sauti vikikwaruza, mara nyingi ni vumbi tu.

Halafu kuna chumvi. Hili wa bara hawatakuambia. Nilipokuwa Likoni niliitundika besi yangu ukutani, mkabala na dirisha, nikaona imependeza. Ulikuwa msimu wa kusi. Siku niliyoishusha, skrubu za chini zilikuwa rangi ya udongo, na uzi wa G ulinichana kidole kwa kutu. Tangu hapo hukaa ndani ya mfuko wake, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na kila nikimaliza kupiga nafuta nyuzi, juu na chini yake, kwa kipande cha kanga kuukuu. Kanga iliyofuliwa miaka haina kifani kwa kazi hiyo.

Amplifaya iwe ya besi. Ya gitaa la kawaida itakubali kwa sauti ndogo, lakini ukiikaza spika yake inaweza kuharibika. Nyumba za kupanga kuta zake nyembamba, basi tafuta yenye tundu la hedifoni, na adhana ikiita zima tu. Kama besi yako ina betri ndani, ile ya volti 9, chomoa waya ukimaliza, la sivyo itaendelea kuliwa usiku kucha.

Mwili nao una matayarisho yake. Kata kucha. Nunua mkanda mpana, maana chombo kina kilo nne hivi na bega litakuuliza. Dakika ishirini kila siku zinatosha; malengelenge yakitoka pumzika, usiyapasue. Mkono wa kushoto uanzie freti ya tano kwenda juu, ambako nafasi ni ndogo na vidole havilazimiki kutanuka. Freti hiyohiyo ya tano kwenye uzi wa E hukupa A, sawa na uzi unaofuata, kwa hivyo stima ikipotea na simu ikizima bado utaweza kulinganisha nyuzi zako.

Mwalimu ni mzuri, ila mimi ningetangulia kumtafuta mpiga dramu. Kanisani wapo, bendi za harusi wapo. Siku ya kwanza mwombe apige ngoma kubwa ya mguu peke yake, taratibu, nawe upige noti moja tu ya A kila mguu wake unapotua, hadi msikie kama kinacholia ni chombo kimoja.