Kutafsiri dodoso la nyonga kwa Kikorea: mwombe mgonjwa aelekeze kidole

Mzee mmoja aliyekuwa akisubiri kuwekewa nyonga bandia alijaza karatasi zetu za majaribio bila kusita hata mara moja. Nilipomwomba anionyeshe panapouma, akaweka kiganja juu ya tako. Nyonga iliyochakaa kwa kawaida huuma kwenye kinena. Majibu yake yote yalihusu mgongo uliokuwa ukimtesa kwa miaka, wala hayakugusa kiungo kilichokuwa kikienda kupasuliwa.

Neno lililotuangusha ni eongdeongi. Kamusi hulitoa kama tafsiri ya neno la Kiingereza hip, lakini Mkorea wa kawaida akilisikia hufikiria makalio. Neno la madaktari, gogwanjeol, ni sahihi, ila si kila mzee analijua. Tangu siku ile siiamini tafsiri yoyote ya dodoso la nyonga kabla wagonjwa hawajaelekeza kidole. Nimefanya kazi hii kama mtaalamu wa tiba ya viungo ndani ya timu ya Wakorea, na huu ndio mpangilio ninaoufuata. Mfano wangu ni Oxford Hip Score, dodoso lililotolewa Uingereza mwaka 1996: maswali 12 kuhusu majuma 4 yaliyopita, kila jibu alama 0 hadi 4, na 48 ndiyo nyonga isiyosumbua.

Hatua ya 1: ruhusa

Dodoso lina mwenyewe. Mwandikie, na umuulize kama Kikorea kimeshafanyiwa kazi. WOMAC, kwa mfano, dodoso jingine la nyonga na magoti, ina toleo la Kikorea lililopimwa tangu mwaka 2001. Kama toleo zuri lipo, litumie. Usianzishe la pili kwa ajili ya kupata makala.

Hatua ya 2: watafsiri wawili, kila mmoja peke yake

Wote wawili wawe wamezaliwa na Kikorea. Mmoja ajue tiba, mwingine asiijue kabisa. Huyo wa pili ndiye atakayekuletea maneno ya sebuleni. Kisha wakae pamoja waunganishe matoleo yao, na kila walipotofautiana paandikwe pamoja na sababu ya uamuzi.

Hapa kuna mambo mawili yanayokula muda. La kwanza ni heshima. Kikorea huingiza -si- ndani ya kitenzi ili kumheshimu mtendaji, na swali kwa mtu mzima lisilo nayo huweza kusikika kama kukosa adabu. Lakini majibu ni ya mgonjwa akijisemea mwenyewe, na huko -si- haikai. Mtu hajiamkii shikamoo. Nimeona rasimu ambamo heshima ilimwagwa kote, hadi kwenye visanduku vya majibu, na wagonjwa wakauliza kama wanajaza kwa niaba ya mtu mwingine.

La pili ni maumivu. Dodoso linauliza kuhusu maumivu makali ya ghafla, yanayochoma au kukaza. Kikorea kina maneno tele hapa: ssusida kwa maumivu yanayochokonoa, jjirithada kwa yale ya kama umeme, uksingeorida kwa yanayodunda. Wazee wenye viungo vibovu hupenda kusema sikeun-sikeun, lakini hilo ni la maumivu ya kiungo yanayojirudia, na swali linataka yale ya ghafla. Ukiliingiza kwa sababu linasikika la kienyeji, umebadilisha swali.

Hatua ya 3: kurudisha kwenye Kiingereza

Watafute watu wawili ambao Kiingereza ndiyo lugha yao ya kwanza na ambao hawajaliona dodoso la asili. Fanya hivyo, lakini usiitegemee sana hatua hii. Eongdeongi hurudi kama hip na kila mtu kwenye timu hufurahi. Heshima iliyokosekana nayo haionekani, kwa kuwa Kiingereza hakina pa kuiweka.

Hatua ya 4: kamati

Waite daktari wa mifupa, mtu wa tiba ya viungo, mtaalamu wa lugha, watafsiri wote, na mtu wa takwimu. Siku nzima inaweza kuishia kwenye swali moja: baada ya kula mezani, kusimama kutoka kitini kulikuuma kiasi gani? Wakorea wengi wenye umri hula wameketi sakafuni, kwenye meza fupi, juu ya sakafu ya ondol inayopashwa joto kutoka chini. Lazima mmoja atapendekeza kiti kiondolewe iandikwe sakafu.

Mimi hukataa, na nitakuambia kwa nini. Kunyanyuka kutoka sakafuni huikunja nyonga mno kuliko kunyanyuka kitini. Ukibadilisha, swali limekuwa gumu zaidi, na alama 2 ya Mkorea hailingani tena na alama 2 ya Mwingereza. Acha kiti kibaki.

Hata hivyo sakafu ni jambo zito. Mgonjwa anaweza kupata 46 kati ya 48 na bado asiweze kukaa yangban-dari, yaani kukunja miguu, wala kuinama hadi chini mbele ya wazee na wahenga wakati wa sikukuu za Seollal (mwaka mpya) na Chuseok (mavuno). Msomaji wa Pwani anayekula mkekani na kusujudu kila siku hahitaji kuelezwa uzito wake. Kwa hiyo tunga maswali machache ya sakafuni, uyaweke kwenye ukurasa wa peke yake, na usiyajumlishe kamwe na zile 48.

Hatua ya 5: wagonjwa 30 hadi 40

Wajaze, kisha kaa na kila mmoja. Mwambie arudie swali kwa maneno yake, na aelekeze kidole panapouma. Sisi tuliishia kuandika gogwanjeol na kuweka kando yake mchoro wa mwili wenye kivuli kwenye kiungo chenyewe, pamoja na maelezo yanayotaja sataguni, yaani kinena. Tumia herufi kubwa. Binti akitaka kumjazia mama yake, mwombe kwa upole asubiri nje.

Hatua ya 6: vipimo

Sasa kusanya wagonjwa wasiopungua 100. Korea ina wengi wanaopasuliwa kwa sababu kichwa cha mfupa wa paja kimekufa kwa kukosa damu, nao huwa vijana kuliko wagonjwa wa Ulaya ambao nyonga zao zimechakaa, kwa hiyo wawemo.

Alfa ya Cronbach, kipimo cha jinsi maswali yanavyoendana, iwe kati ya 0.70 na 0.95. Ikizidi hapo, huenda maswali yanarudiana. Kisha wagonjwa wasiopungua 50 wajaze tena baada ya wiki 1 hadi 2, na uwaulize kama nyonga imebadilika. Aliyechomwa sindano ya kiungo katikati mtoe. ICC, kipimo cha jinsi majibu ya mara mbili yanavyolingana, ifike angalau 0.70. Kutokana nayo pata kosa la kipimo: mtawanyiko wa alama (SD) mara kipeuo cha pili cha moja toa ICC. Tuseme mtawanyiko ni 9 na ICC ni 0.90: kosa ni takriban 2.85. Lizidishe kwa 2.77 upate karibu 8, badiliko dogo kabisa linalozidi kosa. Basi mgonjwa mmoja akipanda alama 5, huwezi kumwambia kwa uhakika kwamba amepona kidogo.

Kabla ya kulinganisha na WOMAC au SF-36, dodoso la afya kwa jumla, andika matarajio yako: nini kitaendana sana, nini kidogo. Robo tatu zikitimia, uko vizuri. Ukiyaandika baada ya kuona matokeo hayana maana yoyote.

Mwisho, pima kabla ya upasuaji na miezi 6 baadaye. Zaidi ya 15% wakifika 48, dodoso limegonga dari, yaani halitofautishi tena walio vizuri, na kwa nyonga bandia hilo hutokea mara nyingi. Hapo ndipo utakapoufungua ule ukurasa wa sakafuni na kusoma nani kati yao bado hawezi kuketi chini na wajukuu.