SOMO: Kusoma namba za sumu kwenye mwili wa nyangumi

Kila mtihani ukikaribia naulizwa yale yale, kuanzia Mbeya mpaka Njombe: sumu inamfikiaje nyangumi wa bahari kuu, na zile namba zinasomwaje? Naandika mara moja. Atakayeuliza tena namtumia linki.

1. Jua sumu gani. Kwa kuanzia, shika PCB (kemikali ya viwandani, ilikuwa kwenye mafuta ya transfoma za zamani), DDT (dawa ya kuua wadudu) na zebaki.

2. Jua mnyama anakula nini. Ukubwa wa mwili usikudanganye: nyangumi wa buluu anakula krili (viumbe vidogo kama uduvi), yuko chini kwenye mnyororo wa chakula. Nyangumi muuaji ni mdogo sana kwake, lakini wapo wanaokula sili (mnyama wa baharini anayenyonyesha), na sili amekula samaki, na samaki naye amekula wenzake.

3. Jua umri na jinsia.

4. Soma kipimo mpaka neno la mwisho. Hapa ndipo wengi wanaanguka. Mfano ni Lulu, nyangumi muuaji jike aliyekutwa amekufa kisiwa cha Tiree, Scotland, Januari 2016, baada ya kunaswa na kamba za uvuvi. Alikuwa na PCB miligramu 957 kwa kilo moja ya mafuta. Siyo kilo ya nyama, wala kilo ya nyangumi mzima. Ukichukua 957 ukazidisha kwa uzito wa mwili wote umeharibu. Linganisha mafuta kwa mafuta: madhara huanza kuhesabiwa kwenye miligramu 9, na 41 ni kiwango kilichohusishwa na sili wa Bahari ya Baltiki kushindwa kuzaa. Lulu alikuwa na miaka 20 au zaidi, na ovari zake zilionyesha hajawahi kuzaa.

Angalia mawili. Mnyama akikonda mafuta yanapungua ila PCB inabaki, hivyo namba inapanda bila yeye kula sumu mpya. Pili, zebaki haikai kwenye mafuta. Itafute kwenye ini na misuli. Usiipime kwa viwango hivyo vya PCB. Nasema tena, usiipime.

5. Usishangae mwaka. Mkataba wa Stockholm, wa kimataifa wa kuzuia sumu kama PCB, ulipitishwa 2001, Marekani ilishazuia kutengeneza PCB tangu 1979, na bado imo miilini mwa nyangumi. Haiozi upesi.

MASWALI

Mdau wa Mafinga: Kwa hiyo Lulu aliuawa na PCB?
— Kamba. Rudi hatua ya 4.

Binti Tukuyu: Ndaga fijo mwalimu. Jinsia inaingiaje hapo?
— Umeuliza la maana, binti. Maziwa ya nyangumi yamejaa mafuta, na PCB inatoka nayo. Mama akinyonyesha anapunguza mzigo, na mtoto wa kwanza ndiye anayebebeshwa zaidi, maana anapokea yaliyolimbikizwa tangu mama akiwa mdogo. Dume hana pa kuishushia. Jike asiyezaa kama Lulu naye hana.

Kijana wa Iringa: Kamwene. Hayo ya Ulaya, sisi wa milimani yanatuhusu nini? Na PDF naomba.
— PDF sina. Yanakuhusu kwa zebaki: machimbo madogo ya dhahabu, kama ya Chunya, ndiyo yanayotoa zebaki nyingi hewani kuliko shughuli nyingine yoyote ya binadamu duniani. Mvuke unasafiri mbali, ukishuka majini bakteria wanaugeuza kuwa methili-zebaki (aina ya zebaki inayolimbikizwa mwilini), ndipo unapanda kutoka mdomo hadi mdomo.

Mzee wa Makongolosi: Mwalimu, mimi dhahabu yangu iliyoshikana na zebaki nachomea kwenye kikaango jikoni, watoto wakiwa shule. Kuna shida?
— Shikamoo mzee. Ipo, na kubwa. Mvuke unashika kuta na nguo, unaendelea kutoka polepole watoto wakisharudi. Chomea nje, mbali na watu, kwenye chombo kilichofungwa chenye bomba linalopoozwa kwa maji. Zebaki inarudi kuwa kimiminika, unaitumia tena, hela yako inabaki. Kikaango hicho kisipikiwe tena.

Mdau wa Mafinga: Sasa mbasa, samaki wa Ziwa Nyasa huko Kyela, tuache kula?
— Wapi nimeandika hivyo?

Mama Kyela: Mwalimu usimkasirikie. Kati ya usipa (dagaa wa Nyasa) na mbasa, nani angelimbikiza zaidi?
— Mbasa, mama. Anakula samaki wenzake na anaishi muda mrefu kuliko usipa. Hiyo ni kanuni tu. Kiasi chenyewe kinasemwa na maabara. Ila mafuta ya transfoma yanayouzwa kwenye vidumu, eti ya kuchua miguu, hayo msipake.