Serikali ya Uswidi ikiyumba, chukua daftari uhesabu waliokataa

Juni 2021 dada yangu alinipigia simu kutoka Tanga, sauti imemkauka. "Nimesikia redioni serikali ya huko imeangushwa. Mko salama?" Nilikuwa kwenye chumba cha kufulia cha jengo letu hapa Hisingen, Göteborg, nasubiri mashine imalize. Nje watoto wanaendesha baiskeli. Nikamwambia tuko salama, mshahara utaingia kama kawaida. Akauliza, sasa nani anatawala? Hapo nikakwama. Kesho yake nikanunua daftari la shule, lile la miraba, nikaanza kuandika kura za bunge la hapa moja baada ya nyingine. Wenzangu wameniomba mara nyingi niwaonyeshe ninavyofanya, na ni hivi.

Anza na viti. Bunge, yaani Riksdag, lina viti 349, na zaidi ya nusu ni 175. Andika 175 juu ya ukurasa kwa kalamu nyekundu. Chini yake panga vyama kwa herufi zake, kama magazeti ya hapa yanavyoviandika. Uchaguzi wa Septemba 2018 ulileta S (Social Democrats) 100, M (Moderates, wa kulia) 70, SD (Sweden Democrats, wanaopinga uhamiaji) 62, C (chama cha kati) 31, V (chama cha kushoto) 28, KD (Christian Democrats) 22, L (waliberali) 20, MP (chama cha mazingira) 16. Usikimbilie kuvigawa kushoto na kulia. Mwaka ule mgawanyo huo haukutoa mshindi, na C na L hawakutaka serikali itakayoitegemea SD. Ndiyo maana zilipita siku 134 tangu uchaguzi hadi serikali mpya ya Stefan Löfven ilipoanza kazi Januari 2019.

Sasa fika kwenye jambo lenyewe: hesabu waliokataa, si waliokubali. Sisi tuliokulia Tanzania tumezoea kwamba rais anateua waziri mkuu, kisha Bunge linamthibitisha kwa kura za wengi. Hapa spika ndiye anayependekeza jina, na aliyependekezwa anapita maadamu wanaomkataa hawafiki 175. Tazama Novemba 24, 2021. Magdalena Andersson wa S alipata ndiyo 117, hapana 174, na 57 wakajizuia. Ukihesabu kwa mazoea ya nyumbani utasema ameshindwa vibaya. Lakini waliomkataa walipungukiwa na mmoja, na Uswidi ikapata mwanamke wake wa kwanza kuchaguliwa waziri mkuu. Kwa hiyo safu ya waliojizuia ipe nafasi pana kwenye daftari. Anayejizuia hajamkaribisha mgeni, ila amemwachia mlango wazi, na nyuma ya kila mlango ulioachwa wazi kuna kitu alichoahidiwa. Kitafute hicho.

Kwenye kura ya kutokuwa na imani maneno yanageuka: "ndiyo" maana yake "simwamini". Juni 21, 2021 ndiyo zilikuwa 181, hapana 109, waliojizuia 51. Mara ya kwanza niliandika 181 upande wa Löfven, nikabaki kushangaa ameangukaje. Tangu siku hiyo kila ukurasa wangu una swali lililoulizwa bungeni, limeandikwa kwa maneno kamili, kabla ya tarakimu yoyote.

Halafu tafuta chanzo, na chanzo usikitafute kwenye hotuba. Soma makubaliano yaliyoiweka serikali madarakani. Löfven alikuwa amesaini mkataba wa vipengele 73 na C na L, na kipengele cha 44 kilitaka kodi za pango za nyumba mpya zipangwe kwa uhuru zaidi. Hapa kodi hujadiliwa baina ya wenye nyumba na chama cha wapangaji, na watu wanaulinda utaratibu huo kama mboni ya jicho. V, chini ya Nooshi Dadgostar, hawakuwemo kwenye mkataba, lakini serikali ilisimama kwa sababu wao walijizuia. Walipoondoa mkono, SD wakaleta hoja, na vyama vya kulia wakaiunga mkono kwa sababu zao wenyewe. Jirani yangu, mama mstaafu, hakuhitaji kuelezwa. Alikuwa anakunja mashuka akasema tu, "Ni kodi."

Waziri mkuu aliyeangushwa ana wiki moja: ajiuzulu au aitishe uchaguzi wa ziada. Löfven alijiuzulu Juni 28, na Julai 7 akarudishwa yeye yule, waliomkataa 173. Katikati, mawaziri wale wale hubaki kama serikali ya mpito. Hili ndilo jibu nililolikosa dada aliponiuliza.

Kura ya bajeti ipe ukurasa wake peke yake. Ile Novemba 24, saa chache baada ya Andersson kuchaguliwa, bajeti ya M, SD na KD ilipita: viti 70, 62 na 22, jumla 154. Upande wa serikali S, MP na V walikuwa na 143 (V walikuwa wamebaki 27 baada ya mbunge mmoja kuachana nao), na C hawakuisaidia. Kwenye bajeti kura nyingi ndizo zinazoshinda, kwa hiyo ile 175 haikuwa na kazi. MP wakatoka serikalini, wakisema hawatatawala kwa bajeti iliyoandikwa na SD, na jioni ile ile Andersson akajiuzulu kabla hajatangaza waziri hata mmoja. Novemba 29 alipigiwa kura tena: ndiyo 101, hapana 173, waliojizuia 75. Akatawala na S peke yao.

Mawaziri mmoja mmoja waandike kwa ufupi: jina, wizara, tarehe. Huteuliwa na waziri mkuu bila kupigiwa kura, na maamuzi ya serikali huchukuliwa kwa pamoja. Waziri haruhusiwi kuingilia faili la mtu. Nawaomba sana wenzangu wanaosubiri kibali cha kuishi: msimwandikie waziri, uamuzi ni wa Migrationsverket, yaani idara ya uhamiaji.

Ila waziri mmoja anaweza kuangushwa, na kwa ajili hiyo acha mistari mitupu chini ya vyama vinane, ya wabunge wasio na chama. Juni 7, 2022 waziri wa sheria Morgan Johansson alipigiwa kura ya kutokuwa na imani, na Andersson alishasema kwamba akianguka huyo, serikali nzima inaondoka. Ndiyo zilikuwa 174, moja pungufu ya 175. Amineh Kakabaveh, aliyeachana na V mwaka 2019, alijizuia. Jina lake nimeliandika kwa kalamu nyekundu ile ile ya 175.