Namna ya kuzitambua likofita za Amani na kuzipanga katika ukoo wake

Anayepanda kutoka Muheza kwenda Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, hukuta kwenye kingo za barabara na juu ya magogo yenye unyevu mimea midogo yenye vijani vilivyosongamana, iitwayo likofita, ambayo wengi huiita kuvumwani na kupita zao. Mtaalamu wa mimea Linnaeus naye, mwaka 1753, aliiweka Lycopodium, mojawapo ya likofita, pamoja na kuvumwani, kwa hiyo anayekosea asione haya.

Anza na jani na kifuko cha spora, yaani chembe ndogo za uzazi, wala si umbo la mmea mzima. Omba ruhusa ukiwa hifadhini, uchukue tawi moja dogo, kisha ulitazame kwa lenzi ya mkono inayokuza mara 10. Jani la likofita lina mshipa mmoja usiogawanyika, na kifuko hukaa upande wa juu wa jani au kwenye kwapa lake. Baadhi ya kuvumwani zina mstari katikati ya jani unaofanana na mshipa, lakini kifuko chao husimama juu ya kikonyo. Kangaga nao huchipua jani likiwa limejiviringisha, na aghalabu hubeba vifuko upande wa chini.

Kisha pasua vifuko vilivyokomaa. Spora zikiwa zote za ukubwa mmoja, umeshika mmea wa familia ya Lycopodiaceae. Zikiwa za aina mbili, yaani vumbi laini katika vifuko vingine na punje kubwa katika vingine (kwa Selaginella kwa kawaida nne), basi ni Selaginella au Isoetes. Hapa ndipo macho hudanganya zaidi: Selaginella hufanana na Lycopodium, ilhali ndugu yake wa karibu aliye hai ni Isoetes, mmea unaoonekana kama kishungi cha nyasi majini. Wote wawili wana kijilimi kidogo mno kwenye jani, na Lycopodiaceae hawana. Miti mirefu ya Lepidodendron, ambayo mabaki yake yalichangia makaa ya mawe, nayo iko upande wa Isoetes. Ukoo huu wote ulitengana na ule wa kangaga na mimea ya mbegu zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita. Ndiyo maana kangaga ana undugu wa karibu zaidi na mwembe kuliko na likofita.

Ndani ya Lycopodiaceae, Phlegmariurus wengi huning'inia mitini wakigawanyika mapacha mapacha, ilhali Palhinhaea cernua husimama kwenye kingo zenye jua kama mche wa mvinje, vishada vya spora vikiinama nchani. Vitabu vya zamani huwaita wote Lycopodium. Uainishaji wa mwaka 2016 unatambua familia 3 na jenasi 18 katika likofita zote.

Ukikosa vifuko vilivyokomaa, tazama mpangilio wa majani: safu nne, mbili za majani makubwa na mbili za madogo, ni dalili nzuri ya Selaginella. Bila dalili hiyo, andika "likofita" kwenye lebo, uache nafasi ya jenasi wazi, na urudi vifuko vikikomaa.