Mada ya utafiti kwenye upasuaji wa ubongo: anza na tepu, jeni baadae

Kama uko MMed (masomo ya udaktari bingwa) ya upasuaji wa ubongo na supavaiza ameshakuuliza mara ya tatu "mada iko wapi", tulia, hata mi nilipita hapo hapo na nilipoteza karibu miezi minane. Nilitaka jeni. Kila makala niliyofungua naona watu wanapima jeni, nikasema na mimi simo? Prapozo ikawa tamu balaa, sampo za damu za watoto nikaanza kukusanya, alafu wikiendi moja umeme ukakatika, friza ya maabara ikayeyuka na hakuna aliyenipigia simu. Ila hasara kubwa haikuwa friza. Nilipofungua mafaili ya wale watoto nikakuta zaidi ya nusu hayana hata kipimo cha kichwa, kwa hiyo hata damu ingepona ningeilinganisha na nini?

Ndo maana nakwambia anza na rejista ya thieta. Kaa nayo jioni mbili, rudi nyuma miezi 12, piga vijiti kwenye karatasi: ajali za bodaboda ngapi, vichwa vikubwa (maji yamejaa kwenye ubongo) ngapi, mgongo wazi (mtoto kazaliwa uti wa mgongo haujafunga) ngapi, uvimbe wa ubongo ngapi. Chukua kinachoingia wodini kila wiki. Ugonjwa unaouona mara mbili kwa mwaka waachie wenye pesa na muda.

Tuseme umepata vichwa vikubwa. Hiyo bado sio mada, hiyo ni sura ya kitabu. Inakuwa mada ukiweza kuisema kwa sentensi moja: watoto gani, wamefanyiwa nini, unawalinganisha na nani, unapima nini na baada ya muda gani. Mfano mzuri uko hapo jirani tu, Mbale Uganda. Dokta Benjamin Warf alikuwa pale hospitali ya CURE akauliza swali ambalo nesi yeyote angeweza kuliuliza: hii shanti (mrija wa kutoa maji kwenye ubongo) ya bei rahisi ya Chhabra kutoka India na ile ya bei mbaya ya Codman, mwaka ukiisha kuna tofauti? Akatoa majibu 2005, tofauti ya maana hakuna. Baadae pale pale wakachukua watoto 100 chini ya miezi 6 ambao maji yalijaa baada ya maambukizi, wengine wakawekewa shanti, wengine wakafanyiwa kwa endoskopu (kamera nyembamba inayoingizwa ndani ya ubongo), yaani unatoboa njia mpya ya maji na kuunguza zile nyama zinazotengeneza maji. Wakapima akili zao mwaka mmoja baadae, matokeo yakatoka 2017, makundi yakawa karibu sawa. Swali fupi, jibu linabadilisha kazi ya wodini.

Sasa kipimo cha kichwa. Tepu isiwe ya fundi cherehani, inavutika. Ipite juu ya nyusi, juu ya masikio, ikazunguke pale kisogo kilipotokeza zaidi, pima mara 3 andika kubwa. Utosi umevimba au umelala, macho yanaangalia chini au la, tarehe ya kuzaliwa na sio "miezi kama mitatu hivi". Umri nausisitiza sababu kuna mfumo wa pointi wa kukadiria kama endoskopu itafanya kazi, nao unategemea umri sana. Chukua mtoto wa miezi 3, maji yalijaa baada ya maambukizi, hajawahi kuwekewa shanti: umri pointi 10, chanzo 0, kutokuwa na shanti 10, jumla 20, maana yake makadirio ni asilimia 20 kufika miezi sita baada ya upasuaji bila kurudi thieta. Huyo huyo angekuwa na miezi 7 umri ungempa 30 na jumla ingekuwa 40. Ona mwandishi wa faili akikosea umri anavyokuharibia hesabu yote.

Idadi ya wagonjwa usikisie. Ukitaka kuonyesha kwamba shanti kuharibika kumeshuka kutoka asilimia 30 hadi 15, kwa nguvu ya asilimia 80 (yaani uwezekano wa kuiona tofauti kama kweli ipo) unahitaji watoto kama 121 kila kundi. Rejista inakupa 60 kwa mwaka? Basi badili swali mapema, usisubiri mwaka wa mwisho uanze kulia kwa mtakwimu.

Baada ya hapo ndo tuongelee jeni, na sio kwamba nazikataa. Kuna ya bei ya chini kabisa ambayo haihitaji hata mashine: ukikuta mtoto wa kiume, njia ya maji imeziba, na vidole gumba vimekunjika ndani ya kiganja, muulize mama kuhusu kaka zake, yaani wajomba wa mtoto. Jeni inayoweza kusababisha hali hiyo inaitwa L1CAM na iko kwenye kromosomu X, mama anaibeba bila kuumwa, wavulana ndo wanaumia. Kwenye mgongo wazi watu wanakimbilia MTHFR (jeni inayohusika na mwili kutumia foliki asidi), lakini badiliko lake linaloitwa 677 ni adimu kwetu Waafrika kuliko Wazungu, kwa sampo yako ya watu 50 unaweza usipate kitu. Wakati huo huo hujamuuliza mama kama alikuwa anakunywa valproate ya kifafa au kama alianza foliki asidi lini, na mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo unafunga ndani ya siku 28 tangu mimba itungwe, kabla wengi hawajajua kama wana mimba.

Na vinasaba sio lazima viwe vya mtoto. 2020 walisoma vinasaba vilivyomo kwenye maji ya ubongo ya watoto wa Mbale wakakuta bakteria wa jamii ya Paenibacillus ambaye vipimo vya kawaida vilikuwa vinamkosa. Kwa mazingira yetu ya maambukizi mi hapo naona pana mada nyingi kuliko MTHFR.

Ukichukua damu, weka na matone kwenye kadi ya karatasi, ikauke vizuri, haitegemei umeme. Kwa PCR ndogo (kunakili kipande kifupi cha jeni ili kukipima) inatosha, ukitaka kusoma jeni nyingi ongea na maabara kwanza. Kupeleka sampo nje ya nchi kunahitaji kibali na mkataba wake, hapa Tanzania NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) wanahusika, anza mapema. Kwenye fomu ya ridhaa kuna jambo watu wanaliruka: ukipima mtoto, mama na baba kwa pamoja unaweza kugundua baba sio baba. Amua kabla, na andika wazi, kwamba hiyo taarifa haitolewi. Alafu mama atakuuliza "dokta, kwa hiyo tatizo limetoka kwangu?" na mawifi wako nje ya mlango wanasubiri. Jibu liwe tayari kabla hujamchoma sindano.

Mwisho jaribu fomu yako ya data kwa watoto watano. Yangu ya kwanza ilikuwa kurasa 6, nesi wa zamu akaipindua, akaniangalia, akaiweka chini ya sahani ya chai. Ya pili ilikuwa ukurasa mmoja na nusu na hiyo aliijaza.