Ukwaju kwa sinia kuukuu la shaba

Nimepata sinia la shaba la mtumba la kutundika sebuleni, jeusi kama sufuria ya kuni, na ukwaju umelirudisha. Loweka ukwaju kwenye maji moto kidogo, uvuruge uwe rojo, tia chumvi, paka, ngoja dakika 10, kisha sugua kwa kitambaa laini. Asidi yake huyeyusha ule weusi, hata ndani ya nakshi ambako kitambaa hakifiki. Suuza na ukaushe papo hapo, maana unyevu ukibaki kwenye nakshi huleta kutu ya kijani. Ila kwanza ligusishe sumaku: ikinasa, hicho ni chuma kilichopakwa shaba juujuu, na ukikisugua mng'ao wote unatoka. Hilo lifute vumbi tu, ulitundike.